Kabla ya Jibu, Swali: Mwongozo wa Kukabili Matatizo ya Kila Siku kwa Kumtazama Yesu

Wakristo wengi tukipatwa na shida hukimbilia mstari. Deni likibana, Zaburi ya 23. Ndoa ikiyumba, upendo huvumilia. Mstari unatumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, Amina zinamiminika, na kodi ya nyumba bado inadaiwa.

Mwongozo huu unashika njia nyingine: kumtazama Yesu akiwa kazini. Injili nne zimejaa matatizo ya kawaida kabisa. Urithi, njaa, kodi, mama mkwe mwenye homa, divai iliyokwisha katikati ya arusi, dada wawili wanaovutana kuhusu kazi za jikoni. Ukifuatilia anavyoyapokea, utaona ni mara chache anajibu tatizo kama lilivyoletwa. Anataka kwanza kujua tatizo lenyewe ni lipi, ni la nani, na mkononi kuna nini. Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alipokuwa akipaza sauti kando ya njia, hakuna aliyehitaji kuelezwa shida ya kipofu. Yesu akamwuliza hata hivyo: "Wataka nikufanyie nini?"

Hatua zifuatazo zimetoka kwenye mwenendo huo. Huna haja ya kuzipitia zote kwa kila tatizo. Mbili za mwanzo tu ndizo zinazofaa kila mahali. Maneno ya Biblia nimeyachukua kwenye tafsiri ya Union, ambayo ndiyo wengi wetu tuliyokariri.

Hatua ya 1: Soma kisa kizima, usichomoe mstari

Anza na Marko. Ina sura 16 tu, na jioni moja inatosha kuimaliza kwa kusoma kwa sauti. Kisha tafuta kisa kinachokaribia tatizo lako na usome pia kilichotangulia na kilichofuata. Andika kwenye daftari majibu ya maswali manne: Nani ameleta tatizo? Anataka nini hasa? Yesu alifanya nini kabla ya kusema neno? Na ni kitu gani alichoombwa ambacho hakukifanya?

Swali la nne ndilo watu hulisahau, na mara nyingi ndilo lenye jibu.

Nitoe mfano wa madhara ya kuchomoa mstari. Kisa cha mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina (Marko 12:41-44) husomwa sana siku za harambee. Lakini rudi nyuma mistari mitatu tu: Yesu ametoka kuwaonya watu juu ya waandishi "wanaokula nyumba za wajane" huku wakisali sala ndefu. Endelea mbele hadi sura ya 13 na utamkuta akisema kwamba majengo yale ya Hekalu, yaliyopokea senti za mjane, hayatabaki jiwe juu ya jiwe. Moyo wa mjane anausifu, hilo halina ubishi. Ila anayekisoma kisa kizima hawezi kukitumia kumbana mjane wa leo atoe ada ya shule ya mtoto.

Hatua ya 2: Jitenge kabla hujatenda

Marko 1:35 inasema aliamka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Angalia ilikuwa baada ya nini: jioni iliyotangulia Kapernaumu nzima ilikuwa imekusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Simoni na wenzake wakamfuata na taarifa kwamba watu wote wanamtafuta. Jibu lake ni kwamba waende vijiji vingine. Kundi linamngoja na yeye anaondoka, kwa sababu alishapata wakati wa kukumbuka kilichomleta.

Kwa nyumba zetu za kupanga, vyumba viwili watu sita, "mahali pasipokuwa na watu" si rahisi kupatikana. Panaweza kuwa kanisani kabla ya misa ya asubuhi, chini ya mwembe, au ndani ya daladala iliyokaa kituoni ikisubiri abiria huku simu yako umeizima. Dakika kumi zinatosha kusema tatizo lako mbele za Mungu kwa sentensi moja. Ukishindwa kulisema kwa sentensi moja, bado hujalijua. Usimpigie mtu simu, usijibu ujumbe, usisaini kitu.

Hatua ya 3: Jua tatizo ni la nani

Hapa nitakaa kidogo, maana ugomvi wa mirathi umevunja familia nyingi za Kikristo.

Luka 12:13. Mtu mmoja katika mkutano anamwambia Yesu: Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu. Inawezekana kabisa mtu huyu alikuwa na haki. Torati ilikuwa na utaratibu wake, mzaliwa wa kwanza akipata mafungu mawili (Kumbukumbu la Torati 21:17), na walimu wa dini walikuwa wakiombwa kuamua mambo kama hayo. Yesu anakataa: "Mtu wewe, ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?"

Kwa nini akatae? Tazama ombi lilivyokaa. Hakuulizwa haki ni ipi. Aliambiwa hukumu ya kutoa, tena ndugu wa pili hakupewa nafasi ya kusema, na jina la Mwalimu ndilo lililotakiwa litumike kama rungu. Baada ya kukataa anageukia umati na kusema jilindeni na choyo, kisha anasimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Tajiri yule anazungumza na nafsi yake mwanzo hadi mwisho. Nifanye nini, nitafanya hivi, nitajenga, nitaiambia nafsi yangu. Hana mke, ndugu wala jirani anayemshirikisha, na usiku ule anadaiwa roho yake.

Sasa kwenye maisha yetu. Kama ni wewe unayevutwa kwenye ugomvi wa wengine, labda kwa sababu wewe ndiye uliyesoma au uko Dar na wenzako wako kijijini, usianze kutoa hukumu kwa simu. Uliza mambo mawili: "Mwenzako anajua kwamba umenipigia?" na "Unataka nikusikilize, au unataka nikamseme?" Swali la pili linamaliza nusu ya simu za namna hiyo.

Kama ni wewe mdai, chukua karatasi uigawe katikati. Upande mmoja andika kilicho haki yako. Upande wa pili andika unachokitaka kwa sababu tu mwenzako amekipata. Hakuna atakayeisoma, hivyo kuwa mkweli. Haki yako idai kwa njia inayojulikana: kikao cha ukoo, muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, jina la msimamizi wa mirathi linalopendekezwa, kisha mahakama ndiyo imteue. Kudai haki mahakamani hakukufanyi Mkristo mbaya. Upande wa pili wa karatasi ndio upeleke kwenye maombi.

Na mchungaji? Aombe, ashauri, awapatanishe wanaotaka kupatana. Hati ya kiwanja asiishike. Yesu mwenyewe hakukubali kuwa mgawanyi.

Hatua ya 4: Hesabu kilichopo

Umati umekaa nyikani mpaka jioni, wanaume peke yao 5,000, na chakula hakuna. Wanafunzi wana mapendekezo mawili (Marko 6:35-37). La kwanza, waage watu waende kujinunulia. La pili, kwa sauti ya kukata tamaa: tukanunue mikate ya dinari 200? Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika mfano wa shamba la mizabibu, kwa hiyo wanazungumzia mshahara wa zaidi ya nusu mwaka. Pendekezo moja linaisukuma shida kwa wengine; jingine linataja fedha ambazo hazipo. Yesu anasema: "Mnayo mikate mingapi? Nendeni mkatazame."

Muujiza wenyewe siwezi kuufundisha. Lakini taratibu zinazouzunguka zinafundishika: hesabu ya kweli kwanza, watu wanakalishwa mia mia na hamsini hamsini, shukrani inatolewa kwa kidogo kilichopo, na mwisho vipande vilivyobaki vinakusanywa, vikapu 12, "kisipotee kitu chochote" (Yohana 6:12).

Tuchukue madeni, maana ndiyo mikate yetu ya nyikani. Fanya hivi:

Andika kila deni kwenye karatasi moja: unadaiwa na nani, kiasi gani kimebaki, riba, tarehe ya marejesho, na dhamana uliyoweka. Liweke hata lile la duka la Mangi, mwenye duka wa mtaani, na lile la mdogo wako ambalo umejifanya umelisahau. Watu hukwepa zoezi hili kwa kuogopa jumla. Jumla ipo tayari, uiandike usiiandike.

Mwonyeshe mwenzi wako karatasi hiyo. Najua ni hatua ngumu kuliko zote hapa. Lakini mikopo ile ya riba kali inayoitwa kausha damu hustawi kwenye siri. Mke anakopa mume hajui, mume anaweka kadi ya benki rehani mke hajui, na siku wakopeshaji wanapokuja kubeba televisheni ndipo nyumba nzima inapata habari.

Panga yupi alipwe kwanza. Deni lenye riba inayokimbia kila wiki litangulie, hata kama anayekudai kiasi kikubwa zaidi ni mtu mwenye cheo. Usikope pengine ili ulipe hapa, isipokuwa mkopo mpya una riba ndogo kweli na umeiona kwa maandishi.

Kisha nenda kwa anayekudai kabla ya tarehe. Kuna neno la Yesu ambalo wahubiri hulipita haraka: "Patana na mshitaki wako upesi, wakati uwapo pamoja naye njiani" (Mathayo 5:25). Njiani, maana yake kabla hamjafika kwa hakimu. Mwambie: "Mama, marejesho yangu ni Ijumaa, na sitaweza kutimiza. Nina elfu ishirini leo. Naomba tupange upya, tuandike." Mwenyekiti wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, anayeambiwa Jumanne huwa mtu tofauti kabisa na yule anayesubiri Ijumaa hadi saa moja usiku akiona simu haipokelewi.

Kabla ya mkopo mwingine wowote, hata wa kujenga, kuna ule mnara wa Luka 14:28. Mtu huketi kwanza akahesabu gharama kama anavyo vya kuumalizia. Kila mtaa una nyumba iliyofika kwenye linta ikaota nyasi ndani.

Na sadaka je, nikiwa na deni? Watu huuliza kwa aibu, na wengine hushauriwa "kupanda mbegu" ili deni liondoke. Soma Marko 7:9-13. Yesu aliwakemea walioruhusu mtu kusema mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili asiwasaidie baba yake na mama yake. Aliita jambo hilo kulitangua neno la Mungu. Kwa maoni yangu, dawa ya presha ya mama na chakula cha watoto vinatangulia bahasha, na anayekwambia vingine anapaswa kukueleza anaisomaje sura hiyo. Toa ulichonacho, kama mjane, lakini usitoe cha mtu mwingine.

Kuhesabu huku hakupingani na "msisumbukie ya kesho." Anayehesabu leo anafanya kazi ya leo. Anayesumbuka ni yule anayelala akiziwazia shida za miezi sita ijayo pasipo kufungua daftari.

Hatua ya 5: Nenda kwa mhusika, wewe na yeye

"Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo" (Mathayo 18:15). Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia bado, liambie kanisa. Ngazi tatu, na sisi huwa tunaanzia ya tatu, tena kwa mafumbo kwenye status ya simu.

Kuna neno la upande wa pili pia. Mathayo 5:23-24: ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane naye kwanza. Waliosikia maneno haya walikuwa Galilaya. Madhabahu ilikuwa moja tu, Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kusini, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Yaani mtu amefika na mnyama wake, amepanga foleni, halafu anaambiwa ageuze, arudi hadi kijijini kwao, apatane, kisha aanze safari upya. Wasikilizaji walielewa mara moja ukubwa wa dai hilo. Kwa hiyo kuvuka Kariakoo hadi Mbagala kwenda kumwona shemeji yako si jambo la kuahirisha.

Angalia pia kwamba aliyekosewa anaambiwa aende, na aliyekosa anaambiwa aende. Wakitii wote wawili watakutana katikati ya njia.

Namna ya kuanza inategemea ni nani. Kwa kaka mkubwa: "Shikamoo kaka. Naomba nije nyumbani tuzungumze sisi wawili tu. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu kile kikao, sipendi likae." Kwa jirani: "Mama Neema, nimekuja mwenyewe ili usisikie kwa watu. Maneno yale ya bombani yaliniumiza. Nataka nisikie kwako yalikuwaje." Taja tendo moja, la siku moja. Usiseme "watu wanasema", usifungue faili la miaka kumi, na baada ya sentensi zako mbili tatu nyamaza umwache aseme. Ujumbe wa maandishi usiutumie kwa mazungumzo yenyewe. Utumie kuomba miadi tu. Maandishi hayana sauti, na yanasambazwa.

Kama ni mzee wako, baba mkwe kwa mfano, desturi haikuruhusu kumkabili hivyo, na sioni kama Injili inakulazimisha kuivunja. Mtumie shangazi au baba mdogo anayeheshimika, lakini mmoja tu, na umpe maneno yako kamili asije akaongeza chumvi. Ngazi ya pili ya Yesu tayari ina nafasi ya mtu kama huyo.

Halafu kuna mahali ambapo hatua hii haitumiki kabisa, na makanisa yamewaumiza watu kwa kutolisema. Mtoto aliyenajisiwa na mjomba, au binti wa kazi anayeshikwashikwa na baba mwenye nyumba, haambiwi "nenda mzungumze wawili." Sura ileile ya 18 inaanza na wadogo: atakayemkosesha mmoja wao, afadhali afungiwe jiwe kubwa la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Hilo linasemwa katika mstari wa 6, kabla ya wa 15. Kwa matukio ya namna hiyo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Hatua ya 6: Ugonjwa ukija, usitafute wa kulaumiwa

Wanafunzi walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, swali lao lilikuwa: nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Tunalijua swali hilo, ila sisi tumeliongezea majina: shangazi, jirani mwenye wivu, mke mdogo, laana ya ukoo. Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3), akaanza kazi ya kumsaidia. Walipomletea habari za watu waliouawa, yeye mwenyewe akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Mnara ulianguka.

Kwa hiyo mtoto akianguka kifafa, peleka hospitali, omba njiani. Yesu hakuwahi kuwadharau matabibu. Alisema wasio na afya ndio wanaowahitaji. Hata aliowaponya ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa kuhani, aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha kisheria kwamba mtu ametakasika. Mtu anayekwambia umepona na uache ARV au dawa za kisukari, mwambie utaacha daktari akishapima na kukuambia uache. Kama uponyaji ni wa kweli, kipimo hakitaudhuru.

Hatua ya 7: Ukipigwa au kudhalilishwa

Mtu akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili (Mathayo 5:39). Mstari huu umewarudisha wanawake wengi kwenye nyumba ambazo wangepaswa kuwa wametoka. Basi tumtazame aliyeusema siku alipopigwa yeye. Mbele ya Anasi, mkwewe kuhani mkuu Kayafa, askari mmoja alimpiga kofi. Yesu hakurudisha, lakini hakunyamaza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Alidai sababu mbele ya mashahidi.

Na si kila mara alibaki. Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa kilima alipita katikati yao akaenda zake. Alikwepa kutembea Uyahudi wakati walipokuwa wakitafuta kumwua (Yohana 7:1). Wanafunzi aliwaambia wakiudhiwa mji huu wakimbilie mwingine. Msalaba aliuendea kwa hiari yake na kwa saa yake. Haukuwa mazoea ya kila Jumamosi jioni mume akitoka kilabuni.

Ukiwa katika hali hiyo: mwambie mtu mmoja nje ya nyumba, leo. Weka kitambulisho, vyeti vya watoto na nauli mahali pamoja, ikiwezekana kwa huyo mtu. Ukiumizwa, pata fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, na utibiwe. Karatasi hizo ndizo ushahidi wako baadaye. Kusamehe kunaweza kufanyika ukiwa umelala kwa dada yako. Wazee wa kanisa watakaotaka kusuluhisha, waje wamwone mpigaji kwanza.

Hatua ya 8: Msibani

Fupi hii. Martha na Mariamu, walipofiwa na ndugu yao Lazaro, walimwambia Yesu sentensi ileile: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Martha aliyekuja na maswali alipewa maneno, juu ya ufufuo. Mariamu aliyekuja na machozi hakupewa hotuba. Yesu alilia naye. Kwa hiyo ukifika msibani msikilize mfiwa kwanza ujue ni yupi kati ya hao wawili. "Mungu amempenda zaidi" halihitajiki saa ile. Chota maji, kata kuni, andika majina ya wanaotoa rambirambi. Na rudi wiki ya tatu, turubai zikishaondolewa.

Hatua ya 9: Tatizo lisipoondoka

Baadhi ya matatizo hayaishi. Gethsemane, Yesu aliomba kikombe kiondolewe, akaomba tena, na mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Hakikuondolewa. Anayekufundisha kwamba kurudia ombi ni upungufu wa imani hajaisoma Mathayo 26 vizuri.

Lakini angalia alivyojipanga kwa usiku ule. Wanafunzi wengi aliwaacha pembeni, akaenda na watatu: Petro na wana wawili wa Zebedayo. Akawaambia hali yake bila kuipamba, kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Kisha akawapa kazi iliyo wazi: kaeni hapa, mkeshe pamoja nami.

Nawe fanya vivyo hivyo. Chagua wawili au watatu, usitangaze kwa kundi zima. Chagua wanaotunza siri, hata kama si wenye vyeo kanisani. Waambie ukweli kwa maneno yasiyo na mapambo: "Nimeachishwa kazi, huu mwezi wa nne, usiku silali." Halafu waombe kitu mahususi, maana "mniombee" humpa mtu nafasi ya kusema Amina na kusahau. Sema: "Naomba unipigie kila Jumatano jioni kwa mwezi mmoja, hata dakika tano." Au: "Naomba unisindikize kliniki Alhamisi, sitaki kwenda peke yangu." Kama usingizi umekupotea kwa wiki nyingi, au unawaza kujidhuru, mmoja wa hao watatu awe mtu atakayekufikisha hospitalini kwenye huduma ya afya ya akili, na umwambie hivyo bila kuzunguka.

Wanafunzi walisinzia, kama tunavyojua. Yesu aliwarudia, akawaamsha, akawaomba tena, na alipowakuta wamelala mara nyingine hakuwafukuza. Saa ilipofika aliondoka pamoja nao. Rafiki akisahau kupiga Jumatano, mpigie wewe Alhamisi.